Darasa la Pili Latolewa kwa Ngoma

Siku Magreti alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wazazi na Walimu, watu walipiga makofi, kisha wakacheka. Makofi yalikuwa ya kwake. Kicheko kilikuwa cha mumewe, Obadia, ambaye hakuwepo, na ambaye tangu shule ile ijengwe hakuwahi kukanyaga uwanja wake. "Mwenyekiti atatuitia waume zetu," alisema mama mmoja aliyekaa nyuma, "sasa wa kwake ataitwa na nani?" Magreti alicheka pamoja nao, maana yeye ni mwepesi wa kucheka, lakini neno lile alirudi nalo nyumbani na kulala nalo.

Ni mwanamke mfupi, mnene wa kiasi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde bila kuhangaika na simu. Alizaliwa Chinongwe, upande wa Ruangwa, akaolewa huku Nachingwea, karibu na Naipingo, na mpaka leo akikasirika Kiswahili humkimbia akabaki na Kimwera chake. Asubuhi anauza maandazi kwenye njia ya shule, mchana yuko kwenye ufuta au mihogo. Amezaa watoto watatu. Silvanus, mkubwa, yuko Dar es Salaam kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Beatrisi ameolewa Malolo. Wa mwisho ni Dastani, aliyekuja wakati mama yake ameshagawa nguo zote za uchanga, ikabidi azunguke kwa majirani kuziomba zirudi.

Umoja wenyewe ni mpango wa serikali. Afisa elimu wa kata alikuja akawakusanya wazazi, akawaambia kwamba serikali imejenga madarasa, imeleta walimu na vitabu, na ada imeifuta, lakini haiwezi kuingia nyumbani kwa kila mtu jioni kumuuliza mtoto leo umesoma nini. Hilo ni la mzazi. Viongozi wa umoja wakapelekwa semina mjini Nachingwea. Wakafundishwa kukagua daftari, na kumsikiliza mtoto anaposoma hata kama wewe mwenyewe kusoma kunakupa shida, na jinsi ya kuzungumza na mwalimu bila kugombana naye. Wakarudi na sanduku la vitabu vya hadithi, na kuku wa kuanzishia mradi wa shule. Magreti alirudi anawaka. Alitaka kikao kesho yake.

Vikao vikafanyika, na wanawake wakaja. Wanaume walikuja mara moja tu, siku ya kuku. Waliwaangalia kuku, wakabishana kidogo juu ya jogoo, wakaondoka.

Obadia hakuwa mtu mbaya, asije akachukiwa mapema. Kila mwaka mikorosho inapoanza kuchanua, anaamka kabla ya watu wote, anabeba mashine mgongoni na kwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho yake na ya watu wanaomkodi, wakati umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Anarudi wa njano kuanzia kichwani hadi miguuni, anapiga chafya mpaka kuku wa jirani wanakimbia. Sare ya Dastani ilitoka kwenye kazi hiyo, na viatu, na madaftari. Lakini kazi aliyoipenda kwa moyo wake wote ni ya kupiga msondo, ile ngoma ndefu ambayo mpigaji huibana katikati ya miguu. Watoto wanapotolewa jandoni, wawe wa Wamwera, wa Wamakua kama yeye, au wa Wayao, wa msikitini au wa kanisani, anaitwa Obadia. Anapiga mpaka wazee wenye fimbo wanasahau fimbo zao.

"Baba Silva," Magreti alimwambia jioni moja, "kesho kuna kikao cha wazazi."

"Dastani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Sasa mimi naitiwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mzizi wa mambo. Kwa Obadia, na kwa wanaume wengi wa pale, baba akionekana shuleni ujue mtoto kavunja kioo au kampiga mwenzake. Mwalimu mwenyewe Obadia alimheshimu sana, alimsalimia kwa kuvua kofia, ila wakikutana barabarani tu, yeye na baiskeli yake. Siku nyingine Magreti alipombana zaidi, akatoa la moyoni.

"Jandoni najua kazi yangu. Kuna wa kujenga kibanda, kuna wa kuchota maji, kuna wa kuchinja, mimi napiga. Huko shuleni nikishafika nafanya nini? Nikae kwenye dawati magoti yanigonge kidevu? Mikono yangu niiweke wapi?"

Magreti alicheka mpaka akakohoa. Ila alfajiri, akikanda unga wa maandazi, maneno yale yalimrudia na hayakuchekesha tena. Mume wake, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa anaogopa kwenda mahali asipokuwa na kazi.

Basi mwezi wa nane mwalimu mkuu, Mwalimu Ignasi, akatangaza siku ya kusoma. Watoto wa darasa la pili watasimama mmoja mmoja mbele ya wazazi, kila mtoto asome ukurasa wa hadithi, na mzazi wake asimame naye. Dastani alikuwa msomaji mzuri, alisoma hata makaratasi ya sabuni. Akawaambia wenzake darasani, "Mimi nitasimama na baba." Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akamuuliza kama baba yake anaijua njia ya shule.

Nyumbani hakusema kitu. Habari zilimfikia Magreti kupitia kwa Sabaha, binti wa jirani, ambaye anasoma naye na hana kifua cha kutunza neno. Jioni Dastani akamfuata mama yake jikoni, akazungukazunguka, akachokonoa moto usiohitaji kuchokonolewa.

"Mama, baba atakuja?"

"Atakuja," alijibu Magreti haraka, kabla hajafikiri. Mtoto akaenda kucheza, kwake jambo limekwisha. Magreti akabaki na sufuria na ahadi.

Kesho yake alikwenda kwa Zuleha, mama yake Sabaha. Zuleha ni Mmwera wa hapo hapo, mkulima wa ufuta, katibu wa umoja, na kwenye unyago wa wasichana ndiye kungwi anayeheshimika kuliko wote. Walikaa kibarazani wakipepeta choroko.

"Zuleha, hebu niambie. Mbona jandoni wanaume wanakuja wote? Hata wagonjwa wanakuja."

"Kule kuna ngoma."

"Basi na sisi tuweke ngoma."

Zuleha aliacha kupepeta. Wakaangaliana. Kisha wakaanza kuzungumza kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Watoto hawa si wanatoka? Wametoka kwenye kutojua kusoma, wameingia kwenye kujua. Basi watolewe kama watoto wanavyotolewa. Kila mwanaume apewe kazi, huyu ajenge uzio wa makuti, yule alete maji, mwingine achinje. Na Obadia apige msondo.

"Halafu mila yao wapiga ngoma unaijua," alisema Zuleha, na macho yake yakawa madogo kwa hila.

Magreti aliijua, nani asiyeijua. Mpiga ngoma hampigii mtoto wake mwenyewe. Jina la mtoto wake likiitwa, anailaza ngoma chini, mwenzake anaipokea, naye anakwenda kusimama na mtoto. Akiendelea kupiga, amemkana mtoto yule mbele za watu, na watu hawasahau. Wanawake wale wawili waligongana viganja, wakacheka mpaka choroko zikamwagika.

Mwalimu Ignasi alipoambiwa alijikuna kichwa. "Ngoma? Muhula wa masomo?" Alikuwa na haki ya kujikuna, maana jando na unyago vinaruhusiwa wakati wa likizo tu, ili watoto wasikose vipindi, na mtendaji wa kijiji hana mchezo na jambo hilo.

"Si jando, mwalimu, ni kusoma," alisema Magreti. "Tena Alhamisi mchana, vipindi vimekwisha."

Mwalimu alifikiri, akatabasamu, akakubali. Mtendaji angepaswa kuarifiwa. Mwalimu alidhani mwenyekiti atamwarifu. Mwenyekiti alidhani mwalimu atamwarifu. Kila mmoja akaenda zake na roho nyeupe.

Kumwita Obadia ikawa kazi ya Zuleha, kwa kuwa ukoo wake na ukoo wa Obadia ni watani, na mtani hanuniwi. Alimkuta anasafisha mashine ya salfa, wa njano hadi kope.

"Mtani, we embe bivu, kuna ngoma Alhamisi."

"Wapi?"

"Shuleni."

"Wanatolewa kina nani?"

"Darasa la pili."

"Wanatoka wapi?"

"Wanatoka kwenye ujinga, kule ulikobaki wewe."

Obadia alicheka, hana budi. Akauliza nani mwingine anapiga. Zuleha akamwambia wamemwita Mikidadi. Huyu Mikidadi ni rafiki yake wa tangu utoto, na ni mpiga ngoma pia, ila kwa maoni ya Obadia mikono yake ni ya kutwangia mihogo.

"Mikidadi apige peke yake?" alishangaa. "Watoto wa watu wataaibika. Nakuja."

Alhamisi asubuhi Magreti alikuwa anapiga pasi shati la Dastani, pasi ya mkaa, anaimba. Akafika kwenye kola, wimbo ukakatika. Wazo lilikuwa limemshukia kichwani na likamtoa jasho kuliko ule mkaa. Je, Obadia asiponyanyuka? Akisema hili si jando, ni mambo ya walimu na wanawake, mila haihusiki hapa, akaendelea kupiga tu? Mtoto atakuwa amesimama mbele ya kijiji kizima, na ngoma ya baba yake inalia juu ya kichwa chake. Watu hawatauliza kama ni jando au si jando. Watasikia baba anamkana mwanawe. Mtego alikuwa amemtegea mume, na aliyemweka ndani yake ni mtoto.

Alikimbia kwa Zuleha na pasi mkononi.

"Tuache ngoma," alisema, tena kwa Kimwera.

"Utaachaje?" alisema Zuleha, akionyesha upande wa shule. Moshi ulikuwa unapanda. Mikidadi na Obadia walikuwa wameshawasha majani makavu, wanakausha ngozi za ngoma zao.

Mchana ule wanaume walikuja. Walikuja kama wanavyokuja jandoni, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameambiwa kazi yake. Walisimamisha uzio wa makuti ambao hakuna aliyeuhitaji, wakasogeza madawati nje, wakabishana juu ya nguzo. Mmoja, ambaye hakuwahi kuuliza maendeleo ya mwanawe hata siku moja, alionekana akimfokea mwenzake kwamba mabenchi yakae kivulini ili watoto waone maandishi vizuri. Mabibi nao, bila kuagizwa na mtu, walikuwa wamewapaka wajukuu poda usoni mpaka shingoni, kama siku ya kutoka. Darasa la pili lilijipanga na sare safi na nyuso nyeupe, na macho ya kutojua kama wacheke au waogope.

Kisha msondo ukalia. Obadia aliupiga kwanza taratibu, kama mtu anayebisha hodi, halafu akaachia mikono. Mapigo yalikuwa yale yale ya kuwatoa watoto, maana hakuna mengine aliyoyajua ya shughuli kama hiyo. Yalivuka mikorosho, yakavuka bonde, yakafika kitongoji cha pili, ambako bibi mmoja aliyasikia, akasema, "Jamani, wanatolewa bila sisi kujua?" Akajitwisha sufuria la wali na kufika shuleni anahema, akiuliza kila mtu wanatoka wa nani.

Sabaha alisoma wa kwanza. Alisoma kwa sauti kubwa bila kituo wala koma, baba yake amesimama pembeni ameshika kofia, na alipomaliza msondo ukapasuka kwa shangwe na baba akamnyanyua juu. Wanawake walipiga vigelegele. Mtoto wa pili akaja, wa tatu akaja. Obadia alikuwa anatiririka jasho na kucheka, na kila mtoto alimpa pigo lake. Magreti alisimama karibu na Mwalimu Ignasi, aliyeshika orodha ya majina, akihesabu majina yaliyobaki. Dastani alikuwa karibu na mwisho wa mstari. Alikuwa amekumbatia kitabu kifuani na anamtazama baba yake kwa macho ya mtu anayemwonyesha mwenzake: si huyo, si nilisema?

Zikiwa zimebaki zamu chache ndipo pikipiki ya mtendaji wa kijiji, Bwana Seleman, ilipoingia uwanjani na vumbi lake.

"Nani kaweka jando muhula wa masomo?" aliuliza kabla hajazima injini.

Ngoma zikafa. Mwalimu Ignasi akamwangalia Magreti, Magreti akamwangalia Mwalimu Ignasi, na wote wawili wakaelewa kwa pamoja kosa lilipo.

"Si jando, Bwana Mtendaji," alisema mwalimu, "ni siku ya kusoma."

Mtendaji aliangalia uzio wa makuti. Akaangalia nyuso za poda. Akaangalia yule bibi na sufuria lake la wali. "Mwalimu," alisema kwa upole wa kutisha, "mimi nimezaliwa Nachingwea hii hii. Usinifanye mgeni."

Zuleha akamvuta mtoto aliyekuwa karibu na kumwambia amsomee mtendaji. Mtoto akasoma hadi mwisho wa ukurasa. Mtendaji akasikiliza. Uso wake ukalegea kidogo kidogo, akavua kofia ya pikipiki.

"Kusoma endeleeni," alisema. "Tena hongereni sana. Ila ngoma zinyamaze. Simu yangu imeita njia nzima, kila kitongoji kinauliza kwa nini ninyi mmeruhusiwa na wao hawakuruhusiwa. Kesho nitakuwa na jando kila mtaa." Akakaribishwa kwenye benchi, akapewa wali wa bibi, na akawa msikilizaji mzuri kuliko wote.

Magreti alishusha pumzi. Ngoma haipo, basi hakuna wa kumkana mtoto kwa ngoma. Mtego umevunjika wenyewe. Pumzi ile haikumaliza kushuka akaona kitu kingine. Obadia alikuwa amesimama, anafunga msondo kwa kamba kwenye kerea ya baiskeli. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Ngoma ikinyamaza hakuna mila ya kumnyanyua mtu, na baba asiye na kazi anakwenda nyumbani.

"Dastani Obadia!" aliita mwalimu.

Dastani akatoka mstarini, akasimama mbele, akafungua kitabu. Magreti akamsogelea ili asimame naye, kama mama. Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Subiri, mama." Alikuwa anatazama mgongo wa baba yake kule kwenye baiskeli. Hakusoma. Kimya kikaingia uwanjani, kile kimya cha watu wengi wanaosubiri mtoto mmoja. Mtoto fulani mstarini akacheka puani. Magreti alitaka kuita, na ile sauti yake ya kuvuka bonde ikagoma. Alijichukia kwa ile "atakuja" yake ya jikoni.

Obadia alikuwa anakaza fundo la mwisho. Akasikia kimya. Mpiga ngoma anakisikia kimya kuliko mtu mwingine yeyote, anajua mahali pake na kinatakiwa kukaa muda gani, na hiki kilikuwa kimezidi. Akageuka. Akamwona mwanawe na poda yake na kitabu wazi, amesimama peke yake, akimwangalia yeye.

Obadia akalegeza fundo, akaushusha msondo, akaulaza chini polepole kama mila inavyotaka, ingawa hakuna aliyekuwa anapiga na hakuna aliyemdai. Mikidadi, bila kuambiwa, akaja akauchukua. Obadia akavuka uwanja. Alitembea vibaya, kama mtu mwenye viatu vipya, akapita mbele ya mtendaji na mwalimu na majirani zake wote, hadi akafika kwa mwanawe.

"Nisimame wapi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto.

"Hapa, baba, nyuma yangu," alisema Dastani. Akauchukua mkono wa baba yake, mkono mkubwa wenye sugu, akauweka begani kwake. "Huu uweke hapa."

Akasoma. Ilikuwa hadithi ya kiboko aliyetaka kusukwa nywele. Alisoma vizuri, kwa vituo, hadi pale ambapo kiboko alikimbilia kwa sungura na akamnyang'anya kitana, na hapo, kwenye "akamnyang'anya", Dastani akakwama. Neno lile ni refu kwa mtoto wa darasa la pili. Alilitazama, akaanza, akarudi nyuma. Mwalimu akafungua mdomo ili amsaidie. Kabla hajasema, vidole vya Obadia, aliyekuwa anachungulia kitabu juu ya kichwa cha mtoto, vikaanza kugonga begani, taratibu, pigo moja kwa kila kipande: a, ka, m, nya, ng'a, nya. Dastani akafuata vidole, akalipata, akaendelea mbio mpaka mwisho. Watu walimcheka kiboko. Obadia alichelewa kucheka, kwa sababu alikuwa anasikiliza sauti na hadithi ilimpita.

Magreti alilia waziwazi, na hakuona haya yoyote. Yule mama aliyeuliza siku ya uchaguzi Obadia ataitwa na nani alimpa ncha ya khanga yake ajifute.

Jioni walikaa nje ya nyumba, Dastani ameshalala na poda yake. Magreti alikuwa anangoja mvua ya maneno.

"Zuleha kaniambia," alisema Obadia. "Mlinitega."

"Tulikutega."

"Mtego wenyewe mbovu."

"Mbovu kabisa," alikubali Magreti, na wote wawili wakacheka, yeye kwa kupona na mumewe kwa kuwa hakuwa na hasira. Kisha Obadia akawa anachora chini kwa kijiti.

"Silva naye alikuwa anasoma hivi?"

"Silva alikuwa anasoma kuliko huyu. Mwaka mmoja alipewa zawadi, alisoma mbele ya shule nzima."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, Baba Silva. Ulikuwa kwenye mikorosho." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama lilivyokuwa.

Obadia alikitupa kijiti. Halafu akaomba simu, akampigia mwanawe Dar es Salaam, akaiweka sauti ya nje kwa sababu hajui kuisikiliza kwa namna nyingine.

"Mzee, shikamoo! Vipi, kuna nini? Mama mzima?" Silvanus alijawa na hofu, maana baba yake hupiga simu kwa misiba tu.

"Marahaba. Wazima wote. Uko wapi?"

"Dukani, nafunga."

"Hapo ulipo kuna maandishi?"

"Maandishi gani tena?"

"Yoyote. Kitu cha kusoma."

"Kuna ndoo za rangi tu, mzee."

"Haya, soma."

Silvanus alicheka, akamuuliza kama amekunywa. Obadia akamwambia hajanywa, asome. Kijana akaanza, bado anacheka, kwamba hii ni rangi ya maji, inafaa kwa kuta za ndani na za nje, koroga vizuri kabla ya kutumia. Mahali fulani katikati kicheko kikamwisha. Akaendelea polepole, kwa sauti iliyopanda, akitua kwenye kila nukta: acha ikauke kwanza ndipo upake mara ya pili, ukimaliza osha brashi kwa maji safi. Obadia alisikiliza ameinamia simu, mikono yake imetulia juu ya magoti.

"Unasoma vizuri, mwanangu," alisema.

Upande wa pili zilisikika honi na watu wanaopita.

"Kuna ndoo nyingine hapa, baba," alisema Silvanus hatimaye.

"Na hiyo isome."